Tetesi za Jikoni

Jumanne ya tarehe 19 Oktoba 2021, saa kumi na moja alfajiri, nilifika jikoni nikakuta jina la Shangazi limefutwa kwenye ubao wa zamu. Halikukatwa kwa mstari, kama lilivyokatwa la mtu akiugua. Lilikuwa limepanguswa kwa kitambaa, na mahali pake palikuwa peupe kuliko sehemu nyingine zote za ubao.

Shangazi hakuwa shangazi yangu. Alikuwa mama wa Kimarekani wa miaka sitini hivi, mpishi wa kifungua kinywa katika bwalo moja la wanafunzi mjini Pullman, jimbo la Washington, ambako nilikuwa nimefika miezi miwili kabla kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Pale wote walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi uligoma. Nimelelewa Temeke, na mtu wa umri wa mama yangu siwezi kumwita kwa jina kavu kama nimesoma naye darasa moja. Basi nikimhitaji nilisema "samahani", na moyoni nikamwita Shangazi, kwa sababu mikono yake ilifanana na ya shangazi yangu wa Muheza: mifupi, minene, haitulii.

Alinifundisha kumimina chapati za maji sita kwa mpigo mmoja kwenye bapa la moto bila kuzigusanisha. Alinipa glavu za sufu baridi ilipoanza kushuka kwenye vile vilima vya ngano vinavyouzunguka mji. Hakuwa msemaji. Nadhani ndiyo maana maneno yake machache tuliyakumbuka vizuri mno.

Jioni ya jana yake, mji mzima ulikuwa umepata habari moja. Nick Rolovich, kocha mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Washington State, alikuwa amefukuzwa kazi pamoja na makocha wasaidizi wanne, kwa kutochanjwa dhidi ya UVIKO-19. Gavana Jay Inslee alikuwa ametoa agizo mwezi Agosti: watumishi wa jimbo, na baadaye wa shule na vyuo, wawe wamekamilisha chanjo kufikia tarehe 18 Oktoba, au wapate msamaha kwa sababu ya kiafya au ya imani. Rolovich alilipwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka. Aliomba msamaha wa kidini, hakuupata. Jumamosi timu yake iliifunga Stanford 34 kwa 31. Jumatatu hakuwa na kazi.

Lakini habari yake haikuwa siri. Tangu Julai alikuwa ametangaza mwenyewe kwamba hatachanjwa, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kwenda ana kwa ana kwenye mkutano wa makocha na waandishi. Watu walikuwa wamebishana juu yake miezi mitatu. Alipoondoka, hakuna aliyelazimika kubuni sababu.

Kwa Shangazi tulilazimika. Au tuseme hatukulazimika, lakini tulibuni.

"Naye kaondoka jana?" aliuliza kijana wa kuosha vyombo.

"Siku ileile ya mwisho," akajibu mwingine, akiinua nyusi.

Mmoja akakumbuka kwamba Shangazi alikuwa mtu wa kanisa. Mwingine akasema anaishi upande wa Idaho, maili chache tu kuvuka mpaka, ambako agizo la Inslee halikufika. Kila neno liliwekwa mezani kama karata. Tulimuuliza msimamizi wa zamu. Akasema hawezi kuzungumzia mambo ya mfanyakazi yeyote, akarudi kwenye makasha yake ya mayai. Tulitazamana. Kwetu kukataa kujibu lilikuwa jibu tosha.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nilikuwa mgeni pale. Kiingereza changu kilikuwa sahihi lakini kilichelewa, na mara nyingi utani uliisha kabla sijapata la kuchangia. Asubuhi ile nilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Nikasema: "Aliwahi kuniambia anachukia sindano."

Ni kweli aliniambia. Ilikuwa Septemba, nilipomweleza kwamba nilichanjwa Dar es Salaam wiki chache kabla ya kusafiri. Lakini sikusema aliniambia lini wala kwa sauti gani. Nilisema hilo tu, wakageuka wote kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani watu watano walinisikiliza kwa pamoja. Siwezi kudanganya: nilifurahi.

Kufika mchana, sentensi yangu ilinirudia ikiwa imevaa nguo nyingine. Msichana wa zamu ya jioni aliniambia, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua: "Umesikia? Yule mpishi wa asubuhi alikataa sindano, wakamfukuza kama kocha."

Nilipaswa kuijua sauti ile. Nimekua nayo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nje ya kibanda chake palikuwa na benchi, na jioni benchi lile liligeuka baraza la kahawa, kashata na mpira. Alikuwa Simba damu. Januari 2021 Simba iliifunga FC Platinum ya Zimbabwe 4 kwa 0 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na siku moja tu baadaye kocha Sven Vandenbroeck akaondoka. Klabu ilisema wameachana kwa makubaliano. Barazani hakuna aliyeamini makubaliano. Kagombana na viongozi. Hapana, ni mshahara. Hapana, ana timu Uarabuni. Baba aliinua kidole chenye mtondoo na kusema: "Mtaona." Siku chache baadaye Vandenbroeck alitangazwa kuwa kocha wa FAR Rabat ya Morocco, na Baba akatembea wiki nzima kama yeye ndiye aliyesaini mkataba.

Sikuona ubaya wowote. Tetesi za makocha ndizo chumvi ya mpira. Kocha ni mtu wa hadhara, na akiondoka, kuulizana kwa nini ni sehemu ya mchezo.

Mwezi uliofuata Baba aliumwa siku tisa na kufariki. Ilikuwa siku chache kabla Simba haijaifunga Al Ahly 1 kwa 0, bao la Luis Miquissone, mechi ambayo angeisimulia mpaka uzeeni. Cheti kiliandikwa nimonia. Wakati ule Tanzania haikuwa ikitoa takwimu za korona. Za mwisho zilikuwa za mwaka uliotangulia, wagonjwa 509 na vifo 21. Mitaani watu walikuwa na msemo wao: "changamoto ya upumuaji". Msibani kwetu niliusikia ukisemwa kwenye mkeka, ukisemwa jikoni kwenye masufuria, ukisemwa pale kwenye benchi. Wengine walisema ni ile. Wengine walisema si ile, ni pumu yake ya zamani. Mmoja alisema alirogwa kwa sababu ya kiwanja. Baadhi ya wateja hawakuja kuchukua nguo zao walizoacha zishonwe. Gauni moja la kitenge, limelipiwa kabisa, lilining'inia kibandani mpaka tulipokifunga.

Mama hakusema lolote. Nilimchukia kidogo kwa ukimya ule, kisha nikawachukia zaidi waliousemea. Niliapa sitakuwa mtu wa namna ile. Nilisafiri na kiapo hicho kilomita maelfu, na kilidumu wiki tisa.

Nilikutana na Shangazi mwishoni mwa Novemba, siku moja baada ya timu ya Washington State kuifunga Chuo Kikuu cha Washington 40 kwa 13 kule Seattle, chini ya Jake Dickert, aliyeshika nafasi ya Rolovich. Mji ulikuwa na furaha ya watu waliosubiri tangu 2012. Nilikuwa dukani nikichagua vitunguu. Aliniona kwanza. Alikuwa ameegemea fimbo.

Aliuliza kuhusu masomo. Aliuliza kama glavu zinatosha. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema:

"Nasikia nilifukuzwa."

Sikujibu.

Alieleza polepole, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nyonga yake ilikuwa imekwisha. Tangu masika alikuwa amekubaliana na msimamizi kwamba angestaafu katikati ya Oktoba, mwisho wa kipindi cha malipo, na akaomba asiambiwe mtu, kwa sababu hapendi keki na hotuba. Zamu yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya tarehe 15. Mimi nilikuwepo. Aliniachia bapa safi, akasema tuonane, akaenda. Jina lake lilikuwepo ubaoni mpaka Jumatatu kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Na chanjo? Alichanjwa mara mbili, Machi na Aprili. Mume wake ana ugonjwa wa mapafu.

"Kanisani," akasema, "kuna watu walinikumbatia. Waliniambia nimesimama imara. Nikawaambia nimechanjwa, nikaona nyuso zinabadilika. Hapa mjini, jirani yangu ameacha kuja kwa mume wangu, anasema anaogopa kumwambukiza kitu kutoka kwangu. Kule nimekuwa msaliti, huku nimekuwa mbishi. Hakuna aliyepiga simu kuniuliza."

Jirani yule ndiye aliyekuwa akimkalia mume wake Shangazi akienda kliniki ya nyonga.

Nilimwambia. Sikutumia maneno mazuri, sikuwa nayo. Nilisema mimi ndiye niliyewaambia kwamba anachukia sindano.

Alinitazama kwa muda. "Nilisema hivyo," akajibu. "Nazichukia kweli. Nilifumba macho zote mbili." Halafu akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikufika popote, akasema lazima aende, mume wake yuko peke yake. Hakusema amenisamehe. Mimi nilikuwa nimemkiri kosa kama mtu anayesubiri kurudishiwa chenji.

Nimeufikiria sana ukimya wa msimamizi wetu. Alifanya sawasawa. Habari za afya ya mfanyakazi si za kutangaziwa waosha vyombo, na Shangazi aliomba mwenyewe. Barakoa tuliziona, lakini nani amechanjwa, nani ameomba msamaha, nani amenyimwa, hayo hayakuwa yetu. Agizo lile liliwataka watu wengi waamue jambo zito kwa siku moja ya mwisho, kisha likatuacha tukihesabu nani amebaki, tukidhani hesabu hiyo inatueleza kitu. Huo ulikuwa ukimya unaomlinda mtu mmoja. Ule wa nyumbani, wa takwimu zilizosimama, ulikuwa wa kutuficha sote jambo letu sote. Nilikuwa nimeviweka vyote viwili kwenye kapu moja la chuki. Na sisi wa benchi na wa jikoni tulivijaza vyote viwili kwa njia ileile.

Jumatatu nilianza kurekebisha. Nilimfuata mmoja mmoja: hakufukuzwa, alistaafu, amechanjwa, ameniambia niseme. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilimpigia simu kwanza kumwomba ruhusa. Kijana wa kuosha vyombo alisema, "Ah, kumbe," akaendelea na sahani zake. Msichana wa jioni alikunja uso kama ninayemnyang'anya kitu. "Lakini ilikuwa inaeleweka," akasema. Jirani sikujua anaishi wapi. Shangazi aliniambia niache, atamalizana naye mwenyewe. Sijui kama walimalizana.

Mwezi Desemba, usiku mmoja wa theluji, nilimpigia Mama. Kwake ilikuwa asubuhi. Nilisikia ufagio wa jirani na honi ya bajaji. Alikuwa na habari: wanabaraza, ambao sasa wanakaa kwa muuza kahawa, wamesikia kwamba huko kwetu kocha kafukuzwa kwa sababu ya chanjo, na wanataka kujua kama ni kweli au ni maneno.

"Ni kweli," nikasema. "Alisema mwenyewe."

Kisha nikamuuliza nilichokuwa sijamuuliza tangu Februari.

Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniambia yote, kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa amepanga maneno hayo mahali na kusubiri nije kuyachukua. Homa ya siku ya kwanza. Siku Baba aliposema kahawa haina harufu, akamlaumu muuzaji. Usiku wa kutafuta mtungi wa oksijeni, hospitali ya kwanza haina, ya pili inao mmoja na una mtu. Namna alivyomshika mkono akamwambia amalizie gauni la kitenge, lina shingo ngumu.

"Kwa hiyo ilikuwa ndiyo hiyo," nikasema.

"Sijui, mwanangu. Hatukupima."

"Lakini Mama, kahawa, pumzi..."

"Nimekwambia nilichokiona. Kupima hatukupima." Nilimsikia akivuta kiti akikaa. "Na mtu akikuuliza huko, mwambie hivyohivyo. Usimwongezee."