Majuto ya Volti 24

Wahenga walinena kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi sikuyaelewa maneno hayo hadi siku nilipoiunguza mota ya mjomba.

Mjomba huwapeleka wageni kutazama ndege na mikoko katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Mtumbwi wake uliendeshwa kwa mota ndogo ya umeme ya volti 12, isiyopiga kelele wala kuwatisha ndege. Jumamosi moja alikwenda matangani, akaniachia ulinzi. “Mpwa wangu, mota usiiguse,” alinionya.

Lo! Sikio la kufa halisikii dawa. Darasani nilikuwa nimejifunza kuwa volti zikiongezeka, mota huzunguka kwa kasi zaidi. Basi, nikitaka kuwakoga vijana wenzangu, nikatwaa betri ya akiba, nikaunga chanya ya moja na hasi ya nyingine, nikapata volti 24. Fyuzi ikakatika papo hapo. Badala ya kushtuka, nikatia kipande cha waya mahali pake, nikafungua kamba.

Wee! Mtumbwi ulichupa! Hata hivyo haukwenda kasi maradufu. Uliyalima maji tu. Nusu ya somo nilikuwa nimeiacha darasani: rafadha ikizunguka kwa kasi mara mbili, maji huikaza karibu mara nne. Mkondo wa umeme nao hupanda, na mkondo ukiwa maradufu, joto katika nyaya huwa mara nne. Punde si punde harufu ya kuungua ikapanda kwenye bomba la mota hadi puani. Mota ikanyamaza kimya. Maji yalikuwa yakipwa, yakinivuta kuelekea baharini. Nilipiga maji kwa viganja huku nikilia, hadi nikashika mzizi wa mkoko.

Mjomba hakunichapa. Aliifungua mota, akanionyesha nyaya za shaba zilizokuwa nyeusi tititi, vanishi yake imeungua yote. Kisha akasema polepole, “Karo ya binamuyo ilikuwa humu.” Maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko.

Tangu hapo, kila Jumamosi mimi ndiye ninayeshika upondo na kuwasukuma wageni wake bila malipo, mpaka mota nyingine ipatikane. Viganja vimeota sugu.

Wenzangu, kipimo kilichoandikwa kwenye chombo si pambo. Na fyuzi ikikatika, haijakukosea, inakuonya. Isikilizeni.