Nyumbu Wetu, Mshiko wa Wajerumani

Haya washkaji, wiki hii safu yenu imetua Tarime, mkoani Mara, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Nimefikia kata ya Nyamisangura, na msidhani ni porini. Hapa ni mjini: maduka, boda boda, baa, na vijana wanaobishana mpira kama wako Magomeni. Mtu wa Dar atakachoshangaa kwanza ni baridi ya asubuhi. Njoo na sweta, usione haya.

Cha pili cha kushangaza ni ujirani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kipembe chake cha kaskazini kiitwacho Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, na kipembe hicho kinapakana na vijiji vya Tarime. Kwenye mto huohuo, pale Kogatende, ndipo nyumbu wanapojitosa majini kati ya Julai na Oktoba, mamba wakiwasubiri kama wageni wa pilau. Watasha wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani waje kuona. Nikauliza kijiweni Nyamisangura nani kati yetu amewahi kuona. Kimya. Dereva mmoja wa boda boda akacheka: "Mura, mimi tembo namjua kwa shamba la mjomba wangu. Kuingia huko kwa wenyewe."

Kwa wenyewe! Neno hilo lilinikaa. Wenyewe ni nani?

Sasa sikilizeni stori ya mshiko. Miaka ya 1950 kulikuwa na bwana mmoja Mjerumani, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe Michael walipata pesa kwa filamu yao ya mwaka 1956 kuhusu wanyama wa Afrika. Wakataka kuzitumia kununua ardhi ili hifadhi ipanuke. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Peter Molloy, akawashauri kitu kingine: tumieni pesa hizo kujua kwanza wanyama wako wangapi na wanapita wapi. Basi baba na mwana wakajifunza urubani, wakaja na kindege kilichopakwa milia ya pundamilia, wakaanza kuhesabu.

Tarehe 10 Januari 1959 kindege kile kilianguka na Michael akafa. Alikuwa na miaka 24, umri wa wengi tunaosoma ukurasa huu. Filamu yao ya pili, iliyotoka mwaka huohuo, ikashinda Oscar mwaka 1960. Mzee hakukata tamaa. Akawa anasimama kwenye televisheni ya kwao akiomba michango ya wanyama, na watu wa kawaida wakachanga. Shirika alilolijenga kwa michango hiyo bado linafanya kazi Serengeti hadi leo.

Hifadhi nayo ikabadilika umbo. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa, na Serengeti ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini. Lamai ikafuata miaka ya 1960. Hapo ndipo penye kidonda, maana huko Wakurya walizoea kuwinda na kuchunga. Kwa mwenye kuchanga Frankfurt, ramani ilipendeza. Kwa mzee wa hapa, malisho yalipungua.

Na kuna mchango ambao hakuna aliyeutangaza kwenye televisheni. Hesabu ya akina Grzimek ilipata nyumbu wasiofika 100,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Dawa ilikuwa nini? Ugonjwa wa sotoka ulikuwa unawaua, na ulitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walipochanjwa, sotoka ikakatika na nyumbu wakafumuka. Kwa hiyo boma la jirani limo kwenye ule msafara wa Kogatende, upende usipende.

Turudi kwetu vijana. Sisi kwa kuchanga hatujambo. Kadi ya harusi ya elfu hamsini tunalipa, tena kwa kukopa. Kiingilio cha Mtanzania Serengeti kwa miaka ya karibuni ni kama shilingi 10,000 na kodi kidogo juu, wakati mgeni anatoa zaidi ya dola 60. Kinachoua ni usafiri, lakini vijana kumi na wanne mkichangia Hiace moja mnafika na kurudi. Hiyo nayo ni michango ya hifadhi.

Mfano wa kuchanga upo hapahapa mkoani. Vijiji kadhaa vya wilaya ya Serengeti vina vikundi vya COCOBA, ambavyo wanachama wananunua hisa, wanakopeshana na kufanya biashara zisizoharibu mazingira, kama ufugaji nyuki. Tangu mwaka 2017 wenye hoteli na kampuni za utalii wanachangia pia vikosi vya kung'oa mitego ya waya, na wamo waliokuwa majangili zamani. Wanaijua mitego kwa sababu waliitega wenyewe.

Lakini mkulima wa mpakani naye ana lake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa anayeharibiwa shamba na wanyama, kwa kiwango cha juu cha shilingi 100,000 kwa ekari. Kwa kanuni hizo, aliyelima ndani ya mita 500 kutoka hifadhini hakupata kitu. Ekari ya mahindi iliyokwisha kuzaa, jamani!

Ndiyo maana nasema tuchange. Kwenye kamati ya harusi, asiyetoa hata senti haulizi bia zimekwenda wapi. Aliyetoa anasimama na daftari. Mjerumani alichanga, akasikilizwa. Vijana wa Nyamisangura nao wakiingia kwa kiingilio chao, siku wakiuliza habari ya shamba la mjomba, nani atawaambia hayawahusu?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.