Merikebu Zilizochomwa Moto

Mwovu wa kuzaliwa hana fumbo. Hudhuru kama mwiba uchomavyo, wala hapana anayeuliza sababu. Fumbo liko kwa mwema aliyeanguka. Huyu alikuwa na mwalimu na rafiki, alikula kiapo, alipendwa na watu. Kisha mkono ule ule uliowalinda watu ukawaangamiza. Hapo ndipo swali linapozuka: Je, uovu ule ni wake, au ni wa nguvu iliyomtawala?

Swali hili ni la kale katika tenzi na tamthilia, lakini katika karne hii limepata uwanja mpya, nao ni michezo ya njozi inayochezwa katika kompyuta. Mfano wake mashuhuri ni Arthas Menethil, mwana wa mfalme katika Warcraft III: Reign of Chaos, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwaka 2002. Vijana waliocheza mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto, na bado ubishi juu yake haujaisha. Watu hawabishani miaka zaidi ya ishirini juu ya jambo lisilowagusa.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika nchi ya kubuni iitwayo Lordaeron, Arthas alikuwa mrithi wa Mfalme Terenas. Mwalimu wake alikuwa Uther, mkuu wa mashujaa wanaopigana kwa nguvu ya nuru. Mwandani wake alikuwa Jaina, binti mwenye elimu ya sihiri. Tauni iliingia nchini kwa njia ya nafaka, na kila aliyeila alikufa akainuka kizuu, mtumwa wa adui. Arthas alipofika katika mji wa Stratholme alikuta nafaka imekwisha gawanywa na kuliwa. Aliamuru wakazi wauawe kabla hawajageuka. Uther alikataa amri ile; Arthas akamwita haini na kumvua madaraka. Jaina naye aligeuka akaenda zake. Kisha Arthas alimwandama adui wake, pepo aitwaye Mal'Ganis, mpaka Northrend, bara la theluji. Huko alitwaa Frostmourne, upanga uliolaaniwa, nao ukaitwaa roho yake. Aliporudi nyumbani alimwua baba yake mbele ya kiti chake cha enzi.

Wanaomhukumu Arthas aghalabu huanzia Stratholme, na wanaomtetea aghalabu huanzia kwenye upanga. Pande zote mbili zimechagua mahali pagumu. Katika Stratholme dawa haikujulikana na muda haukuwapo. Mtu mwadilifu angeweza kukosea akiua, na angeweza kukosea akiacha. Baada ya upanga, roho haikuwa yake tena, na mtumwa hahukumiwi kama mtu huru. Kwa hiyo hatia ya Arthas huteleza kama samaki mkononi. Kabla ya upanga ana udhuru wa dharura. Baada ya upanga ana udhuru wa utumwa.

Lakini katikati ya mambo hayo mawili pana tendo la tatu ambalo halitajwi sana. Jeshi lilipokuwa Northrend, mjumbe alileta amri ya mfalme, iliyopatikana kwa ushauri wa Uther, kwamba askari warejee nyumbani. Askari walifurahi, wakaanza kukata njia msituni kwenda pwani. Arthas hakutaka kurudi. Aliwakodi mamluki, akawahi pwani kwa njia nyingine, akazichoma moto merikebu za jeshi lake mwenyewe. Askari wake walipofika na kukuta moto, aliwaambia kwamba waliofanya hivyo ni wale mamluki, akaamuru wauawe. Waliuawa kwa kazi ambayo yeye aliwaajiri waifanye. Muradin, kibeti aliyekuwa rafiki yake wa zamani, alimkemea kwa kuwadanganya watu wake na kuwasaliti waliompigania, Arthas hakujali.

Tendo hili lichunguzwe kwa makini. Hapakuwa na tauni ndani yake. Hapakuwa na mji wa kuokoa kwa kuua. Upanga ulikuwa bado umelala katika barafu, wala hapana pepo aliyemshika mkono. Palikuwa na amri halali asiyoipenda, uongo alioutunga mwenyewe, na damu ya watu aliomwaga ili uongo usijulikane. Si uovu mkubwa kuliko maovu yake yote, lakini ni ulio wazi kuliko yote. Wingi wa damu na uwazi wa dhamiri ni vipimo viwili mbalimbali, na atakaye kujua nani mwenye hatia hana budi kutumia kile cha pili.

Tendo hili pia linatoa mwanga juu ya mengine. Uther alikuwa sauti ya kumpinga, alimfukuza. Jaina alikuwa sauti ya pili, alimwacha aende. Amri ya mfalme ilikuwa sauti ya tatu. Aliizima kwa moto. Muradin alikuwa sauti ya mwisho: aliyasoma maandishi ya onyo palipokuwa upanga, akamsihi auache. Arthas alijibu kwamba yu radhi kubeba laana yoyote ili aiokoe nchi yake. Barafu ilipasuka, Muradin akaanguka, na Arthas akamwacha chini akaushika upanga. Maneno yake yalikuwa na sura ya ukarimu, lakini alitoa ahadi kwa mali isiyokuwa yake. Laana ile ililipwa na baba yake, na mwalimu wake, na watu wa Lordaeron. Wahenga walisema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtawala asiposikia, miguu inayovunjika ni ya raia.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili. Mtu akisha kutupa jiwe, alisema, hawezi kulirudisha. Hata hivyo kulitupa kulikuwa katika uwezo wake. Alitaja pia sheria zilizomwongezea adhabu mkosaji aliyekuwa mlevi, kwa kuwa ulevi ule aliutaka mwenyewe. Upanga wa Arthas ni jiwe lililotupwa. Kila pigo baada ya hapo halikuwa tena katika hiari yake, lakini kupoteza hiari kulikuwa hiari yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Itasemwa kwamba nyuma ya upanga alikuwapo aliyeutega. Ni kweli, na mwaka 2020, katika Shadowlands, waandishi wa kisa waliongeza bwana mwingine nyuma ya bwana wa kwanza. Lakini lawama si mkate unaopungua kila akatwapo mtu kipande. Mtegaji ana hatia yake yote, na mwenye kuingia mtegoni baada ya kuonywa ana yake yote. Dunia ya kweli ilikwisha kuamua hivyo: Mkataba wa London wa 1945, ulioianzisha mahakama ya Nuremberg, ulikataa kwamba amri ya mkubwa humwondolea mtu hatia, ingawa uliruhusu itazamwe katika kupunguza adhabu. Huruma ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baada ya hukumu.

Mchezo una jambo moja ambalo kitabu hakina. Katika Stratholme, mchezaji mwenyewe hupewa kazi ya kuwaua wakazi 100 walioambukizwa kabla Mal'Ganis hajajitwalia 100. Uther amekataa, Jaina ameondoka, lakini mchezaji hubaki, kwa sababu akikataa mchezo hauendelei. Hana hatia, maana hapana aliyekufa. Hata hivyo ameonja kitu cha kweli: jinsi ilivyo rahisi kwenda hatua moja zaidi na mtu aliyempenda tangu mwanzo, na jinsi kila hatua inavyoonekana ndogo ikipimwa kwa ile iliyotangulia.

Kwa hiyo jibu ni kwamba Arthas ana hatia, na hatia yake haikuanzia kwenye upanga. Panga zenye laana hazipo duniani. Viongozi wanaozichoma merikebu ili pasiwe na njia ya kurudi, kisha wakawasingizia watumishi wao, wapo. Na wakati wa kuwapinga ni pale pwani, moto ungali mchanga.