Maji ya Mafuriko Ndani ya Nyumba: Tahara ni Swali Moja, Salama ni Swali Jingine



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), aliyeteremsha maji kutoka mbinguni yakiwa tahuri, kama tunavyosoma katika Suratul Furqan. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila kifuku kikichanganya huku kwetu Madibira napokea swali lilelile. Safari hii limeletwa na dada mmoja: "Shehe, maji yameingia ndani usiku, yamefika kwenye vifundo vya miguu, asubuhi yametoka yenyewe. Godoro limelowa, mkeka wa kuswalia umelowa, gunia la mchele limelowa chini. Je, nyumba yangu ni tahiri?"

Miaka ya nyuma ningemjibu kwa mistari mitatu, na mistari hiyo ingekuwa sahihi kwa mujibu wa vitabu. Leo sijibu hivyo. Nivumilie nikueleze sababu, maana mojawapo inanihusu mimi mwenyewe.

Kwanza tuyatazame maji yenyewe. Sisi tuliosoma fiqhi ya Imamu Shafi tunayajua mafungu yake: kuna maji tahuri, safi na yanayotahirisha, kuna tahiri yasiyotahirisha, kama yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi, na kuna yaliyonajisika. Nilikuja kujua kwamba hata mafundi wa Marekani wanaokausha nyumba zilizoingiwa na maji wana mwongozo wao, unaitwa S500, nao umeyagawa maji mafungu matatu. La kwanza ni maji yaliyotoka mahali safi: bomba limepasuka, tangi limefurika, mvua imepenya kwenye bati. La pili ni maji yenye uchafu wa kiasi, kama ya kufulia. La tatu ni maji machafu kabisa: ya chooni, ya mto uliofurika, na yote yaliyotembea juu ya ardhi kabla ya kuingia kwako.

Nilipoona matatu kwa matatu nilifurahi, nikadhani yanalingana. Hayalingani, na hapo ndipo penye hatari.

Chukua maji ya Ndembera yakivunja kingo. Ni mengi, yanakwenda kasi, rangi yake ni ya udongo. Katika fiqhi yetu, maji mengi yaliyofika qullatayn (wengi wanakadiria pipa moja la lita 200 na ziada kidogo) hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike rangi yake, ladha yake au harufu yake kwa sababu ya najisi hiyo. Na yakibadilika kwa udongo tu, udongo hauyaondolei utahuri. Kwa hiyo maji ya mafuriko, mekundu kama chai, yanaweza kuwa tahuri kabisa. Unaweza kutawadhia na swala yako ikasihi. Na maji hayohayo yamepita kwenye vyoo vya shimo vya nyumba ishirini, kwenye zizi la ng'ombe, kwenye majaruba yaliyopuliziwa dawa ya magugu wiki iliyopita, na kwenye mashimo ya panya. Fundi wa Marekani angeyaweka fungu la tatu bila hata kuyanusa.

Nani kakosea hapo? Hakuna. Mwanachuoni anajibu swali la ibada: je, nguo hii inaswalika? Mtu wa afya anajibu swali la mwili: je, mtoto akiyatia mdomoni atabaki mzima? Kosa ni letu tunapochukua jibu la swali moja tukalipeleka kwenye jingine.

Nami nilifanya kosa hilo. Msikitini kwetu kuna kisima kilichochimbwa kwa mkono, sadaka ya mzee mmoja kwa ajili ya marehemu mama yake. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, maji yalizunguka msikiti siku mbili. Choo chetu cha shimo kilijaa hadi juu, nacho kiko hatua kumi na nne kutoka kisimani. Nilizihesabu baadaye. Maji yalipopungua, vijana wakaniuliza kama tutumie kisima. Nikachota ndoo, nikatazama rangi, nikanusa, nikaonja. Hakuna kilichobadilika. Maji ni mengi kuliko qullatayn. Nikasema: tumieni.

Baada ya siku chache watoto wa madrasa wakaanza kuharisha. Wanne, halafu saba. Mmoja wao, binti wa miaka sita, alibebwa usiku kwa pikipiki mpaka kituo cha afya akatundikiwa dripu. Alhamdulillah alipona. Lakini niliyaona macho yake yalivyokuwa yamezama, na nilijua ni nani aliyesema "tumieni".

Bwana afya alipokuja hakunigombeza. Si Muislamu, lakini amekaa nasi miaka mingi. Akaniuliza tu: "Shehe, hivi nyie kwenye udhu si mnasukutua?" Nikamjibu ndiyo, mara tatu. "Na puani?" Mara tatu. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Mara tano kwa siku, na watoto wakimaliza kutawadha wanakunywa kwa kiganja. Nimefundisha mlango wa tahara tangu ujana wangu, na sikuwa nimewahi kuufikiria udhu kama njia ya maji kuingia tumboni.

Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara havina rangi, havina ladha, havina harufu. Alama zile tatu hazikuwekwa kuvikamata. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, watu wengi walikuwa wakinywa maji yanayong'aa. Na si mdomo peke yake. Mwaka 2022 kule Lindi, wilayani Ruangwa, kulizuka ugonjwa uliowashtua watu, wagonjwa wakitoka damu puani. Ukathibitika kuwa homa ya mgunda, ambayo hubebwa na mikojo ya wanyama kama panya na huingia hata kwenye mchubuko wa mguu uliokanyaga maji. Sisi wa majaruba tunakanyaga maji kila siku.

Sasa turudi kwa yule dada. Dada yangu, kabla ya yote zima umeme kwenye swichi kubwa, na kama swichi iko ndani ya maji usiiguse, ita fundi. Vaa mabuti ya mpira. Watoto watoke kwanza.

Ama tahara, usijitie wasiwasi. Tope lililoingia, madhali huoni najisi yenyewe wala athari yake, asili yake ni tahiri. Kama maji ya choo yameingia na unayaona au unayanusa, ondoa ile najisi kwanza, halafu pitisha maji safi. Mtume (s.a.w.) alipokojoa bedui msikitini aliamuru imwagwe ndoo ya maji mahali pale, basi.

Ama usalama, yahesabu maji hayo yote kuwa maji ya chooni, hata kama yalionekana safi. Sakafu ya saruji isugue kwa sabuni mpaka tope liishe, ndipo upitishe dawa ya klorini. Bwana afya anasema klorini ikikuta tope huishia kwenye tope. Utaona wanafuata taratibu yetu ileile: uondoe kwanza kitu chenyewe, halafu utahirishe. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya choo, mvuke wake unadhuru mapafu. Sakafu ya udongo, kwangua tabaka la juu ukalitupe mbali, fungua madirisha, acha ukuta ukauke kabisa kabla ya kupiga lipu upya. Tofali mbichi hunywa maji kimya kimya, na ukuta huweza kuanguka siku ya tatu jua likiwaka, watu wakidhani hatari imekwisha. Usilaze watoto chini ya ukuta uliovimba.

Mkeka wa plastiki unafulika. Godoro la sponji lililonyonya maji ya mafuriko halifuliki, maana unaosha nje na ndani pamebaki palepale. Najua bei ya godoro, na najua mpunga bado uko shambani. Hata hivyo sikushauri umlaze mtoto hapo. Kama hii ilikuwa mvua ya batini tu, kwa kuwahi siku hiyohiyo ukalianika, ningekwambia lisalimike. Lakini maji safi nayo yakikaa siku mbili ndani ya nyumba hubadilika fungu.

Mchele uliolowa, hata sehemu ya chini ya gunia, usiuanike ukaula wala usiuze. Ukungu wake hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ukiuza mchele huo sokoni umeuza madhara, na hilo halihitaji fatwa yangu.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au tumia vidonge vya klorini kama maelekezo yanavyosema, baada ya kuyachuja. Ila maji yenye dawa za shambani, kuchemsha hakuyasafishi. Tafuta mengine. Na ukiwa huna maji isipokuwa yatakayokudhuru, tayamamu ipo, na Allah hakuiweka kwa ajili ya wasafiri wa jangwani peke yao.

Mtu ataniuliza: basi fiqhi haitazami afya? Inatazama. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliulizwa kuhusu maji taka yaliyosafishwa kwa mitambo. Waliwasikiliza wataalamu kwanza, ndipo wakasema yakisafika kikamilifu yanafaa kwa tahara. Na kuhusu kuyanywa wakaona ni bora kuyaepuka, kwa kuchelea madhara. Maswali mawili, majibu mawili. Laiti ningelisoma hilo kabla ya Machi ile.

Kisima tulikifunga. Kumwambia yule mzee ilikuwa vigumu kuliko khutba yoyote niliyowahi kutoa, kwa sababu alilisikia kama kwamba nimekata thawabu za mama yake. Ijumaa mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja baada ya swala na wanawe wawili na majembe, akauliza choo kipya kichimbwe wapi. Bwana afya alishasema kisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni, basi tulipima kwa kamba tukaanza kazi. Shimo la zamani tumelifukia. Kisima kimemwagwa maji yote na kutiwa klorini mara mbili, kipimo cha kwanza hakikuwa kizuri, cha pili tunakisubiri. Mpaka sasa kina kifuniko na kufuli, na ufunguo anao mzee mwenyewe.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.