Hapa Mnachezaje?



Juma lililopita hamkuona tafakari katika ukurasa huu, na baadhi yenu mlituuliza kulikoni. Tulikuwa safarini. Tulialikwa Nakuru, nchini Kenya, katika Misa ya shukrani ya padre mwenzetu aliyetimiza miaka 25 ya upadre. Tuliondoka Kewanja alfajiri tukiwa watu wanne ndani ya gari: padre wenu, dereva, na wazee wawili wa parokia. Majina ya wazee hao hatutayataja, ingawa wao wenyewe wameturuhusu kuandika haya.

Wazee hawa ni majirani, na kwa miaka miwili walikuwa hawazungumzi. Chanzo ni mpaka wa shamba. Wakati wa kutakiana amani kanisani walikuwa wakishikana kwa ncha za vidole, kila mmoja akitazama pembeni. Kila mmoja alikuwa amekwisha kutuletea shauri lake, nasi, tuungame, tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu moyoni kabla ya kumsikiliza wa pili.

Jambo moja lililowaunganisha zamani lilikuwa bao. Wengine huudhania mchezo huo kuwa wa wavivu. Lakini Mwalimu Nyerere, ambaye amelala Butiama mkoani kwetu, aliupenda na kuucheza na wazee wenzake, wala hakuna aliyemwita mvivu. Basi tulitia ubao ndani ya gari pamoja na mfuko wa kokoto 64 za kutumia kama kete. Kwetu sisi wa Kewanja, jiwe lenye dhahabu limewahi kuwatenganisha ndugu. Tulitumaini kwamba haya yasiyo na bei yangewakutanisha. Tulijiona werevu.

Kwa wasioujua mchezo: ubao wetu una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu zake mbili. Kete zilizo katika safu ya mbele huliwa na mpinzani. Zilizo katika safu ya nyuma haziliwi. Huko nyuma mtu huweka akiba yake kwa amani.

Tulipovuka mpaka wa Sirari na kuingia Isebania, tulisimama kwa muda mrefu kungojea karatasi za gari. Wazee walikataa kucheza wao kwa wao. Dereva mmoja wa lori kutoka Uganda aliuona ubao, akaomba kucheza na mmoja wao. Kwao mchezo huitwa omweso, na ubao ni ule ule: safu nne, mashimo manane, kete 64. Haukupita muda, yule dereva akazoa kete za safu ya mbele na za safu ya nyuma kwa pamoja.

“Ya nyuma hailiwi!” mzee wetu alisema kwa sauti.

“Kwetu inaliwa, mzee wangu,” dereva akajibu kwa upole.

Mzee wa pili, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alisogea na kumuunga mkono jirani yake: ya nyuma hailiwi tangu enzi za babu zetu! Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili wakubaliane juu ya jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kumlaumu mgeni. Kwa kweli dereva yule hakudanganya. Katika omweso safu zote mbili huliwa, kwa masharti yake. Ubao ulifanana na wetu, lakini sheria zilikuwa nyingine, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza.

Usiku huo tulilala mbele ya Migori, kwa familia moja ya Waluo inayotufahamu. Baada ya chakula, mwenye nyumba alitoa ubao wake wa ajua. Huo una safu mbili tu, moja ya kila mchezaji. Mzee wetu wa kwanza alicheza akashindwa mara tatu mfululizo. Wa pili naye akajaribu, akashindwa vivyo hivyo. Waliutazama ubao ule kama watu waliopotelewa na kitu. Hatimaye mmoja akasema, “Huu hauna nyuma. Mtu ataweka wapi akiba yake?”

Mwenyeji wetu alicheka, kisha akatamka neno ambalo halijatutoka mpaka leo: “Wazee wangu, mnacheza bao lenu juu ya ubao wangu. Mngeniuliza kwanza.”

Misa ya shukrani ilikuwa njema, nasi tunawaletea salamu za Wakristo wa huko. Siku iliyofuata mwenyeji wetu alitupeleka Hyrax Hill, mahali pa kale kando ya jiji la Nakuru ambapo Mary Leakey alifanya uchimbaji kuanzia mwaka 1937. Huko kuna bao lililochongwa katika mwamba wenyewe. Tulisimama mbele yake. Mashimo yapo, lakini waliocheza hawapo, wala hakuna wa kumuuliza walianzia wapi, walikula vipi, na ni lini walisema basi, mmoja ameshinda.

Wazee wetu walikaa kimya kwa muda. Ndipo mmoja akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, “Mzee mwenzangu, ule mpaka wetu, marehemu baba yako alikuwa akiuhesabu kuanzia wapi?”

Tuliondoka pale taratibu, tukawaacha wazungumze.

Jumamosi iliyopita wazee hao waliutembea mpaka huo pamoja, nasi tukiwafuata nyuma. Ikadhihirika kwamba baba wa mmoja aliuhesabu kuanzia kwenye mti, na baba wa mwingine kuanzia njia ya zamani ya ng'ombe. Kila mmoja alikuwa amesema kweli kwa kadiri alivyofundishwa, na ile hukumu tuliyoibeba moyoni haikuwa na msingi. Shauri lenyewe halijaisha. Wamekubaliana tu kwamba msimu huu hakuna atakayelima kipande kile kilicho kati ya mti na njia, mpaka wazee wa koo zote mbili wakae. Si ushindi mkubwa, lakini Jumapili ile tuliwaona wakipeana amani kwa kiganja kizima.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila kanuni ni sawa na nyingine. Ng'ombe wa wizi ni wa wizi, hata kama mwizi ana maelezo yake. Lakini ugomvi mwingi wa majirani, wa wakwe na wa wanandoa tunaoletewa si wa wizi. Ni wa watu wawili walioketi kwenye ubao mmoja, kila mmoja akiamini kwamba sheria za nyumbani kwake ndizo za dunia nzima, na kila mmoja akiwa na safu ya nyuma ambayo hataki iguswe. Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Bwana anapowatuma wafuasi wake vijijini, anawaagiza wale kile watakachoandaliwa na wenyeji wao. Hakuwatuma kwenda kuwapangia watu meza.

Tunaomba jambo moja tu kwa juma hili. Kabla ya kusema “amenidhulumu”, tumwendee jirani na kumuuliza kwa heshima: hapa mnachezaje? Nasi tulio wachungaji wenu tuombeeni tulikumbuke swali hilo kabla ya kuhukumu.

Ubao upo ofisini kwetu. Atakaye kucheza anakaribishwa baada ya Misa ya pili.

Jumapili njema.

Padre wenu