Vishimo vya mashavuni

Jamani, leo siasa tuiweke pembeni. Nataka kuongelea sura yangu.

Tuliosoma wote mnakumbuka nilivyosumbuliwa na chunusi pale chuo. Nilizikamua karibu zote, mbele ya kioo kimoja tulichokuwa tunakigombania watu wanne chumbani. Nyingi zikaondoka, vikabaki vishimo mashavuni, vyembamba na vyenye kina, kama mtu kanichomachoma kwa sindano ya kushonea magunia. Mdomo wa kishimo haufiki milimita 2, lakini kwa ndani kinazama sana. Ndiyo maana krimu zote nilizonunua zilikula hela yangu bure.

Mwaka jana mhariri akataka picha ya kuweka juu ya safu yangu. Nikampiga chenga wiki tatu, mwisho nikampa niliyopigwa upande, nusu ya uso gizani. Akacheka, akaitumia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na akiba ya kununua kompyuta, nikaamua iende kwenye leza. Jamaa yangu mmoja akanishauri nisipoteze hela, ninunue asidi nijipake mwenyewe chumbani.

Kinachonishangaza ni hiki: kazi yangu ni kuuliza maswali. Nawauliza wakubwa hela za barabara zimekwenda wapi. Lakini kwa uso wangu mwenyewe nilikuwa tayari kulipa bila kuuliza hata moja. Aibu inafunga mdomo.

Bahati nzuri nilianza kwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima. Nikamwamkia, akamulika mashavu kwa pembeni, akaivuta ngozi kwa vidole.

"Mwanangu, mbona kidevuni bado una chunusi? Utapakaje rangi nyumba ambayo paa linavuja?"

Basi tukaanza na paa: dawa za chunusi kwanza. Halafu nikauliza yote. Leza, akasema, hufaa zaidi makovu mapana. Kwenye vishimo vyembamba kama vyangu peke yake haifanyi maajabu, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha madoa yanayokaa miezi. Asidi yenyewe, TCA, inafanya kazi, ila inawekwa na mtu anayejua, kwa kijiti chenye ncha, ndani ya kishimo tu. Madaktari wa Korea Kusini waliieleza njia hiyo mwaka 2002. Inaijeruhi ngozi kidogo kwa makusudi, nayo ikijiponya inajenga kolajeni na kishimo kinapanda. Inarudiwa mara kadhaa, kwa kupishana wiki nne au zaidi. Ikimwagika pembeni, umejitengenezea kovu jipya. Hapo nikamkumbuka yule jamaa na chupa yake.

Kwa vishimo viwili vikubwa alipendekeza kuvikata kwa kisu kidogo cha mviringo na kushona. Lakini aliuliza kwanza kama kwetu kuna mtu ambaye makovu yake huvimba na kuota. Yupo, shangazi yangu. Basi, kukata tukakuweka kando, tukachagua asidi ya nguvu ndogo, tukaijaribu kwanza sehemu ndogo karibu na sikio.

"Vitaisha, daktari?"

"Vitapungua. Atakayekuahidi vitaisha anataka hela yako."

Mpaka sasa nimefanya mara mbili. Baada ya ile ya pili nilikuwa na vigaga vyeusi usoni kama nimerushiwa lami, na losheni ya kukinga jua juu yake. Kesho yake nikapangiwa mkutano wa waandishi. Nilitaka kuomba udhuru. Nikaenda, nikakaa mbele, nikanyoosha mkono. Mkubwa aliniangalia mashavu kwanza, halafu akajibu swali, tena kwa kuzungukazunguka kama kawaida yao.

Vishimo vimepanda kidogo. Mimi naviona, mama anasema haoni tofauti. Picha ya safu bado ni ile ya nusu gizani. Nitapiga nyingine hivi karibuni, nikiangalia mbele, vishimo vilivyobaki vikiwemo.