Sauti ya Babu Katika Mashine ya Baba

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilifanya kazi moja ndogo iliyonitoa jasho kuliko mtihani wowote wa Fizikia. Naomba nafasi katika gazeti letu niwasimulie wenzangu, maana huenda nao wakakutana na waya kama zile nilizokutana nazo mimi.

Nyumbani kwetu Muheza baba anayo mashine ya muziki yenye spika sita. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, akailipa kidogo kidogo mpaka ikawa yake. Mama ameifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na sheria yake ni fupi: mtoto haigusi. Sisi huruhusiwa kushika rimoti tu, tena mikono ikiwa mikavu.

Basi, siku ya tatu ya likizo akaja dada yangu kutoka chuoni na kompyuta yake ya kupakata. Ndani yake mlikuwa na sauti ya babu. Aliirekodi kwa simu mwaka 2019, babu akisimulia habari za ujana wake katika mashamba ya mkonge. Ni dakika 41. Babu alifariki mwaka 2021, na bibi, ambaye sasa anakaa kwetu, alikuwa hajapata kuisikia hata siku moja.

Dada akaifungulia. Bibi masikio yake yamechoka, na spika za kompyuta ile hazizidi ukubwa wa kifungo cha koti. Akainama, akaweka sikio juu ya vitufe, akasikiliza kitambo. Kisha akainua kichwa akasema, “Namsikia, lakini ni kama yumo ndani ya mtungi uliofunikwa.” Akaondoka zake uani bila neno jingine.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Jioni nikamwendea baba. “Shikamoo baba.” “Marahaba.” Nikamweleza kuwa nataka kuunganisha kompyuta ya dada na mashine yake, ili bibi asikie. Baba akanyamaza muda mrefu, akanitazama kama mtu apimaye mbao. Hatimaye akasema, “Haya. Lakini ukiiunguza, yule mbuzi wako jike atauzwa.” Mbuzi huyo alikuwa na mimba. Nikakubali, ingawa usiku sikulala vizuri.

Asubuhi nikaenda dukani karibu na stendi, nikanunua waya wenye pini moja ndogo upande mmoja, ile ya hedifoni, na pini mbili upande wa pili, nyekundu na nyeupe. Nikazima kila kitu kabla ya kuchomeka, nikashusha sauti mpaka mwisho, ndipo nikawasha. Kabla hata sijafungulia sauti ya babu, spika zikaanza kunguruma, ngu-u-u-u, kama nyuki waliokasirishwa. Nikachomoa upesi. Nilimwona mbuzi wangu machoni.

Nilijaribu tena mara tatu. Mara ya nne dada akachomoa chaja ya kompyuta ili apige pasi, na ngurumo ikakoma palepale! Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, akanieleza. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na ardhi kwa njia ya chaja yake, na mashine ya baba nayo kwa njia yake. Waya wangu ulipoziunganisha, mzunguko ukakamilika, na mkondo mdogo wa umeme ukawa unapita katika waya wa sauti. Umeme wetu hucheza mara 50 kwa sekunde, na ndiyo ile ngurumo nzito tuliyoisikia.

Dawa ilikuwa rahisi basi: kuacha chaja. Walakini betri ya kompyuta ya dada imezeeka, haifiki dakika 25. Na babu ana dakika 41. Sikutaka akatike katikati ya neno mbele ya bibi.

Nikaenda kwa fundi redio wa mtaani, akaniazima waya wa HDMI. Aina hii ya waya ilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 2000, nayo hubeba picha na sauti pamoja, tena kwa tarakimu. Ngurumo ya ardhi haichanganyiki na tarakimu, kwa hiyo chaja yaweza kubaki mahali pake. Nilipouchomeka, sauti iliendelea kutoka katika kompyuta kana kwamba sikufanya kitu. Kumbe yapasa mashine ya muziki iwe imewashwa kwanza ili kompyuta iitambue, halafu uende katika mipangilio ya sauti uichague. Wengi huishia hapo wakidhani waya ni mbovu.

Hapo nikaona mahali pa kuchagua idadi ya spika. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza watauliza maana ya 5.1 iliyoandikwa katika mashine hizi. Tano ni spika za kawaida: mbele kushoto, mbele kulia, kati, na mbili za ubavuni au nyuma. Ile nukta moja ni sabufa, ambayo hupewa sauti nzito peke yake. Mpango huo ulikuja katika majumba ya sinema kabla ya kufika majumbani. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ndiyo iliyoanza kutumia Dolby Digital. Spika ya kati ndiyo hupewa maneno ya watu, ili asemaye aonekane anasema pale pale kwenye picha.

Kompyuta ina jaribio la kuita spika moja moja. Nikalianzisha. Mbele kushoto ikaita, mbele kulia ikaita. Ikafika zamu ya kati: kimya. Nikarudia, kimya. Nikadhani nimekwisha kuiunguza, magoti yakalegea.

Nikachukua tochi, nikaingia nyuma ya kabati. Waya wa spika ya kati ulikuwa umekatwa na panya, tena zamani, maana shaba yake ilikuwa imekwisha kuwa ya kijani. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa muda wa mwaka mzima na zaidi baba alikuwa akilalamika kuwa waigizaji wa siku hizi wananong’ona, risasi zinasikika lakini maneno hayasikiki, na kwamba filamu za zamani zilikuwa bora. Sisi sote tulikuwa tukimwitikia. Si jambo jepesi mtoto kumwambia baba yake kwamba lawama ile ilikuwa ya panya. Niliunga waya, nikazungushia tepu ya umeme, nikanyamaza kwanza.

Baada ya sala ya alasiri tukamkalisha bibi katika kiti chake. Kwa tamaa ya ujana nilikuwa nimeiweka mashine itoe sauti katika spika zote, niwaonyeshe watu maajabu. Babu akaanza kusema kutoka kila pembe ya chumba. Bibi akageuka kushoto, akageuka kulia, akashika mkongojo. “Yuko wapi?” akauliza. “Mbona ananizunguka?”

Niliona haya. Mvua au ndege ya vita yafaa kumzunguka msikilizaji, lakini mzee mmoja akisimulia habari zake huketi mahali pamoja. Nikabadilisha, sauti ikatoka spika ya kati peke yake. Kisha nikairefusha waya kwa kipande nilichokuwa nacho, nikaiweka spika hiyo juu ya kigoda karibu na kiti cha bibi, kimo cha kifua cha mtu aliyeketi. Sabufa nikaipunguza kabisa, maana upepo uliovuma kwenye simu siku ile ulikuwa ukigonga kama ngoma.

Bibi akatulia. Babu akasimulia reli ndogo za shambani, miba ya mkonge, na posho ya unga. Baba aliingia kimya, akakaa mkekani karibu na mlango bila kuvua kofia. Ilipofika kama dakika ya 30, babu alikatiza maneno yake akaita, “Mama we! Kahawa iko wapi?”

Bibi akajibu, “Nakuja,” akashika mkono wa kiti kutaka kuinuka. Kisha akakumbuka, akakaa. Hakuna aliyecheka. Tukasikiliza mpaka mwisho.

Usiku nilimweleza baba habari za panya. Akaguna, akanipa fedha ya kununua waya mpya mita tano, akasema mbuzi ni wangu. Bibi hakuuliza neno lolote juu ya waya. Aliuliza tu kama kesho umeme utakuwapo.